Hobi: kusoma, kusafiri na kubadilishana mawazo

Naomba nianze kwa kukiri uongo.

Nilipomaliza chuo nilikaa kwenye kompyuta ya jamaa yangu mmoja kule Sinza, nikaandika wasifu wangu wa kuombea kazi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi, sekondari, shahada. Nikafika chini kabisa ya ukurasa, pale unapotakiwa utaje hobi zako. Sikufikiri hata nusu dakika. Nikaandika: kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Najua unacheka, kwa sababu na wewe ndivyo ulivyoandika. Sote tulinakili kwa mtu ambaye naye alinakili kwa mtu.

Kwenye usaili mama mmoja mwenye miwani aliusoma ukurasa ule hadi chini, jambo ambalo sikulitegemea. Akaniuliza, kwa upole kabisa, ni kitabu gani nimekimaliza mwezi ule. Nikataja riwaya niliyoisoma kidato cha nne kwa ajili ya mtihani. Akauliza nimesafiri wapi. Nikasema Morogoro. Morogoro ni kwa shangazi yangu. Kuhusu kubadilishana mawazo hakuuliza kitu, nadhani alinionea huruma.

Kazi ile sikuipata. Nikapata nyingine, hii ya uandishi, na swali la yule mama likanifuata mpaka chumba cha habari. Mwaka wa kwanza huhisi chochote, maana kuona jina lako gazetini kunatosha. Mwaka wa pili unaanza kuhesabu. Unatoka asubuhi, unagombania daladala, unakwenda kwenye mkutano ambako mgeni rasmi anachelewa saa mbili, unarudi unaandika, unabishana na mhariri kuhusu aya ya kwanza, unafika nyumbani saa tatu usiku. Halafu unashika simu. Ukija kushtuka ni saa sita na hukumbuki hata kimoja ulichokiona. Jumapili ni mpira kwenye televisheni, Jumatatu unaanza upya. Nina miaka 26. Siku moja nikajiuliza: mtu akinivua kitambulisho cha kazi hapa shingoni, kinabaki nini?

Si mimi peke yangu. Rafiki yangu mmoja alinunua gitaa, linaning'inia ukutani kama kalenda. Mwingine aliamua kuwa anakimbia asubuhi, akakimbia siku tisa. Wa tatu, ukimwambia jambo lolote jipya ana swali moja tu: "Inalipa?" Hilo ndilo swali la kizazi chetu. Ukipika keki nzuri, uza. Ukipiga picha nzuri, fungua studio. Ukiimba bafuni, ingia studio utoe singo. Hakuna anayekuambia: hebu fanya tu, tuone utafika wapi.

Na neno lenyewe linatupiga chenga. Hobi tumeliazima. Wapo wanaosema uraibu, ila ukimwambia mama yako kwamba una uraibu ataanza kukagua mikono yako na kumpigia simu mjomba. Nimeamua kubaki na hobi. Lakini nilichokuja kukikuta kimenionyesha kwamba kukosa neno si kukosa kitu chenyewe.

Haya, tuingie kwenye historia.

Mwaka jana nilikuwa natafuta habari za zamani za bandari kwa ajili ya makala moja, nikaenda Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana. Naona haya kusema kwamba nilisoma chuo hicho miaka mitatu bila kukanyaga kitengo hicho hata mara moja. Nikaletewa Mambo Leo. Kwa wasiolijua, hili ni gazeti lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza hapa Tanganyika, likitoka kila mwezi kwa Kiswahili. Lilikuwa gazeti la serikali na lilisema ya serikali: limeni pamba, chanjeni, lipeni kodi. Nilifunua kurasa nikitafuta meli. Nikakuta mashairi.

Bandari niliisahau saa ile ile.

Waliokuwa wakiyatuma ni watu kama mimi na wewe. Makarani, walimu, wakalimani, wafanyakazi wa reli na posta, watu waliopata shule kidogo na mshahara mdogo, wengi wao wamepangiwa kazi mbali na kwao. Mtu anauliza fumbo kwa shairi. Mwingine, yuko mkoa mwingine kabisa na hajawahi kumwona, anamjibu kwa shairi. Kati ya swali na jibu muda unapita, kwani barua inasafiri kwa treni, na gazeti lenyewe ni la mwezi. Akijibu ovyo anasutwa, tena kwa shairi. Wana lakabu zao pia. Mmoja wa malenga mashuhuri, K. H. A. Akilimali, alijiita Snow-White, na jina hilo likaingia mpaka kwenye diwani yake ya mwaka 1963. Tusidhani sisi ndio wa kwanza kujipachika majina ya ajabu.

Sasa, kwa aliyesahau somo la fasihi, nikumbushe kwa ufupi ugumu waliojitwisha. Shairi lililozoeleka lina mishororo minne kwa kila ubeti. Kila mshororo una mizani kumi na sita, umekatwa katikati, nane huku na nane kule. Vipande vya mwanzo viishie kina kimoja, vya pili viishie kina kingine. Mizani ni silabi, na hapo kuna mitego: "mbuzi" ni mizani mbili, "mtoto" ni tatu, kwa sababu ile "m" ya mtoto inasimama yenyewe. "Nchi" ni mbili. Ukikosea moja umeanguka, na wapo watu mia wanaokusubiri uanguke. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hii. Hakuna aliyepandishwa cheo kwa kupatanisha vina.

Basi kwa nini walihangaika?

Nimelifikiria swali hili sana, na jibu langu linaanzia ofisini kwao. Karani Mwafrika wa miaka ya 1920 na 1930 alijua mapema kabisa kikomo chake. Juu yake alikuwa Mzungu, na pengine kati yao alikuwa Mhindi, na hata angefanya kazi kwa bidii ya punda asingekalia kiti kile. Mchana alikuwa mkono wa kuandika maneno ya mwingine. Saa kumi jioni ilipogonga, ndipo alipoanza kuwa mtu mwenye maamuzi. Tanga, mwaka 1922, watumishi Waafrika wa serikali wakiongozwa na Martin Kayamba walianzisha chama chao, na wanahistoria wanakitaja kama moja ya mizizi ya siasa za nchi hii. Sawa, lakini ni vizuri pia kukumbuka kwamba watu wale walihitaji mahali pa kukutana jioni.

Tazama na Dar es Salaam. Mwaka 1932 ilipata Dar es Salaam Jazz Band. Mwaka 1935 ikapata Young Africans. Mwaka 1936 ikapata klabu iliyokuja kuitwa Sunderland na baadaye Simba. Ndani ya miaka minne tu! Nyimbo na ubishi vinavyotutoa jasho mpaka leo vilianzishwa na vijana wa mjini, baada ya kazi, na hakuna aliyewauliza kama inalipa. (Leo inalipa, na wanaolipwa si wajukuu zao, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Nirudi kwa washairi, maana hao ndio walionishika shati.

Shaaban Robert tunamjua kama sanamu. Baba wa Kiswahili, maswali ya mtihani, basi. Mimi nilipoketi kuhesabu umri wake ndipo nilipomwona kijana. Alizaliwa 1909 Vibambani, Tanga. Mwaka 1926 akaingia forodhani kama karani, akiwa na miaka 17, na akabaki forodhani hadi 1944. Miaka kumi na minane ya kuhesabu mizigo ya watu! Baadaye alihamishwa kwenye ofisi nyingine za serikali, na maisha yake yote ya kazi alikuwa mtumishi wa mshahara. Vitabu vyote vile tunavyovijua, mashairi, Kusadikika ya mwaka 1951, Adili na Nduguze ya mwaka uliofuata, vinatoka kwa mtu ambaye asubuhi alitakiwa kuwa mezani.

Kuna kazi yake moja inanitia kizunguzungu. Inaitwa Utenzi wa Vita vya Uhuru, unasimulia Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945. Ni utenzi wa beti zipatazo 3,000. Ubeti wa utenzi una mishororo minne mifupi ya mizani nane nane. Fanya hesabu na mimi: hiyo ni mishororo 12,000. Ukijipangia beti mbili kila siku, bila kuugua, bila msiba, bila harusi ya binamu, utamaliza baada ya zaidi ya miaka minne. Na kitabu kilichapishwa 1967. Mwenyewe alishafariki 1962. Mtu wa "inalipa?" angemshauri nini?

Alitunga pia tenzi mbili kwa ajili ya watoto wake, Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume na Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa. Hapa nilitulia kidogo. Alikuwa na desturi ile ile ya jioni, karatasi na wino, na akaitumia kuzungumza na watoto wake kwa namna ambayo mshahara wa forodhani usingeweza kuwanunulia. Kwa njia hiyo alifuata nyayo za mama mmoja wa Pate, Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi ambao bado tunausoma. Nimtaje kwa makusudi. Majina niliyoyaona mimi kwenye kurasa za Mambo Leo karibu yote ni ya wanaume, na sidhani ni kwa sababu wanawake hawakujua kutunga. Jioni ya karani ilikuwa yake. Jioni ya mkewe ilikuwa ya kuni, maji na watoto. Hobi inahitaji saa zisizo na mwenyewe, na saa hizo hazijagawanywa sawasawa, wakati ule wala leo.

Wa pili aliyenishangaza ni Mathias Mnyampala. Kama Shaaban Robert alikuwa mtu wa pwani na Kiswahili kilikuwa hewa aliyovuta, Mnyampala alizaliwa 1917 Ugogo, Dodoma. Lugha ya mama yake ni Kigogo. Kwa wakati wake wapo walioamini kwamba ushairi ni wa watu wa mwambao, wa bara wasihangaike. Yeye akahangaika. Alipata kuwa mwalimu, karani, liwali, hakimu, na huku akijifunza bahari za ushairi kama mtu anayejifunza kuogelea ukubwani, mbele ya macho ya waliozaliwa majini. Mwaka 1954 akatoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Akafika mahali akawa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Na zile ngonjera tulizokuwa tukizikariri shule ya msingi, wewe unauliza mimi najibu, mbele ya mgeni rasmi kwenye jua kali? Ni yeye aliyezibuni. Nilizichukia utotoni. Sasa najua zilianzia kwa mtu aliyekuwa akicheza na umbo la shairi kwa sababu umbo lenyewe lilimpa raha, na naziangalia kwa jicho jingine. Alifariki 1969, kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA kikatoka baada yake.

Halafu kuna Kaluta Amri Abedi. Wengi wetu tunajua jina hilo kwa sababu ya uwanja wa mpira Arusha. Mwaka 1954, akiwa na miaka 30, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Nakupa picha: kijana wa miaka 30 anaandika kitabu cha sheria za mchezo ambao tayari watu wanaucheza kote nchini, ili wapya wapate mlango. Miaka sita baadaye akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri. Alifariki 1964, miaka 40 tu. Hata Mwalimu hakupona ugonjwa huu. Tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare ilitoka 1963, yaani akiwa Rais wa Jamhuri changa yenye matatizo lukuki, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Mimi nikiwa na stori mbili za kuandika kwa siku husema sina muda.

Mpaka hapa inaweza kuonekana kama habari za watu wazima wenye busara waliokaa barazani na kahawa. Kwa hiyo nivuke mpaka kidogo twende Mombasa, mji ambao mashairi yake na yetu yamekuwa yakijibizana tangu zamani, nikueleze habari ya kijana wa miaka 22.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa 1946. Mwaka 1968 alikuwa ameajiriwa na Baraza la Manispaa la mji huo. Kazi nzuri, ya mezani. Baada ya kazi alikuwa akiandika. Mwaka huo aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, akihoji jinsi serikali ilivyokuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU. Akakamatwa, akahukumiwa, akafungwa miaka mitatu hadi 1972, muda mwingi akiwa peke yake kwenye seli ya gereza la Kamiti. Hakuruhusiwa karatasi. Akaandika kwenye karatasi za chooni, kwa siri.

Na kitu gani aliandika? Mashairi ya vina na mizani. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mtu yuko gizani, hana wa kumsomea, na bado anahesabu nane huku, nane kule. Hakuna mlinzi aliyekuwa akimkagua mizani. Angeweza kuandika vyovyote. Nadhani, na haya ni mawazo yangu tu, kwamba kanuni ile ilikuwa ni kitu pekee mle ndani ambacho alijiwekea mwenyewe. Kila kingine aliwekewa. Mashairi hayo yalitoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Historia nayo ina utani wake.

Mwaka huo huo wa 1974, huku kwetu, Euphrase Kezilahabi mzaliwa wa Ukerewe alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, naye alikuwa na miaka 30. Ugomvi uliozuka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko ulidumu miaka. Mimi siingilii, nawapenda wote. Nasema tu kwamba kugombana vile, tena hadharani, kuhusu silabi, kunahitaji watu wanaojali kitu kisichowapa hata nauli.

Sasa turudi kwangu mimi wa kusafiri Morogoro.

Niliporudi kutoka maktaba (makala ya bandari niliichelewesha, nikasemwa) nilijiwekea sharti: ubeti mmoja kila siku, siku thelathini, bila kumwambia mtu na bila kupiga picha ya daftari na kuirusha. Siku ya kwanza nilikaa saa moja na dakika arobaini. Nikapata mishororo miwili. Sijawahi kukaa na kitu kimoja muda wote huo tangu mitihani ya chuo. Simu ililia mara kadhaa, sikuisikia, na hilo peke yake ni habari ya ukurasa wa mbele.

Siku thelathini zilipokwisha nilikuwa na beti kumi na moja, na tisa kati ya hizo ni aibu. Nikachukua uliobaki na nafuu kidogo, nikampelekea mzee mmoja pale ofisini anayesoma prufu. Ni mtu wa maneno machache, amekaa kwenye kiti kile kabla mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mzee wangu. Naomba unisomee hiki."

"Marahaba." Akavaa miwani. Akasoma midomo ikicheza na vidole vikigonga meza, gongo moja kwa kila mizani. Kwenye mshororo wa pili vidole vikasimama.

"Hapa umesema 'vitabu vyangu chumbani mwangu'. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu. Kumi.

"Umevimba huo. Kaupasue, uniletee kesho."

Basi. Hakusema nina kipaji, hakusema sina. Nilitoka pale na furaha ambayo sikuipata hata siku stori yangu ilipowekwa ukurasa wa kwanza. Nilijiuliza kwa nini, na nadhani ni hivi: ofisini nikikosea naogopa kazi yangu, nikipatia nasubiri sifa. Hapa nilikosea na hakuna kilichotikisika isipokuwa mshororo. Kosa lilikuwa langu, la kurekebisha mimi, na kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejali kama ni nane au kumi. Makarani wale wa Mambo Leo walikuwa na nchi nzima ya watu wa namna hiyo.

Nimeupasua mara nne. Ulivyo sasa ni huu, na naomba usicheke kwa sauti:

Nilijaza fomu yangu, nikaandika uongo,
Vitabu chumbani mwangu, vimelala kama gongo,
Akauliza mwenzangu, nikainamisha shingo,
Sasa natunga la kwangu, baya lisilo maringo.

Yule mama wa usaili si mwenzangu kiumri, najua, lakini "mama" haikukaa kwenye kina cha -ngu. Mzee aliligundua hilo pia. Akasema washairi wote ni waongo kidogo, kisha akakunja karatasi akaitia mfukoni.

Ijumaa iliyopita niliikuta juu ya meza yangu. Chini ya ubeti wangu, kwa penseli, kwa mwandiko ule wa shule za zamani, ameandika ubeti wake. Vina vilevile, -ngu na -ngo, mizani imetulia kama maji ya mtungi. Siutoi hapa kwa sababu si wangu. Ananiuliza swali: siku ile nilipoinamisha shingo, kwa nini sikusema tu kwamba sijui ninachopenda, kuna ubaya gani? Na ananitaka nijibu kwa shairi, kabla ya mwisho wa mwezi, kama ilivyokuwa desturi.

Nimepata mishororo mitatu. Wa nne umenishinda. Uongo, gongo, shingo na maringo nimeshavitumia, nimebakiwa na mlango, mpango na tango. Jana kwenye daladala la Mbagala nilikuwa nahesabu kwa vidole, nane huku, nane kule, mpaka konda akanisogelea akaniuliza, "Kaka, chenji yako si nilikupa?"